Jina Linalotafuta Mtu

Funga mlango kwanza. Weka komeo. Mtoto wako mvute karibu, mkalishe kwenye mkeka hapo mkono wako unapomfikia, ndipo tuanze. Maana habari hii haisemwi mlango ukiwa wazi, wala haisemwi mtoto akiwa mbali.

Palikuwa na mji. Jina lake halijasahaulika, la, ila katika mji ule majina hayakuwa mali ya watu, yalitembea yenyewe. Ulikuwa mji wa mawe na chokaa, kuta nene, vichochoro vyembamba hata wawili wakikutana lazima mmoja arudi nyuma, na katikati yake jumba la mfalme ambalo madirisha yake yote yalitazama ndani. Zama zenyewe ni zile Wareno walipokuwa wakipita na mizinga yao kudai kodi, lakini miaka usiniulize. Katika mji ule miaka haikutungwa kama shanga kwenye uzi. Ilikuwa imemwagwa kwenye sinia, na kila mtu aliokota ule uliokuwa karibu na mkono wake.

Ndiyo maana hapakuwa na aliyejua Mwana Sitawa aliuawa lini. Wengine walisema juzi. Wengine walisema bibi zao walimlilia. Lakini namna alivyouawa, hilo lilijulikana hata kwa watoto wachanga.

Mwana Sitawa alikuwa shangazi yake mfalme, na alikuwa na kiti chake barazani, upande wa kulia, kiti cheusi cha mpingo kilichotiwa pembe. Sasa, mfalme wa mji ule alikuwa na mwiko mmoja: akinywa maji hatazamwi. Koo la mfalme likipanda na kushuka linafanana mno na koo la mtu yeyote, na hilo ndilo ambalo wakubwa hawakutaka lionekane. Basi akiletewa bakuli, baraza nzima hufunika macho kwa viganja: waziri, walinzi, wageni, wanawake nyuma ya pazia, wote, mpaka wasikie bakuli limegusa sinia. Siku hiyo mfalme aliona kiu, watu wakafunika macho. Bakuli likagusa sinia, wakafumbua. Mwana Sitawa alikuwa amekaa kitini vilevile, mgongo umenyooka, hina mbichi mikononi, na ukaya wake mwenyewe, ule mtandio wa hariri, umezungushwa shingoni ukakazwa hata hariri ikazama katika nyama.

Nani?

Akaulizwa mmoja mmoja, na kila mmoja akajibu neno lile lile: mimi nilikuwa nimefunika macho. Jibu zuri hilo. Halina ufa. Ukilisema wewe ni mtiifu, na ukilisema na mwenzako mnakuwa watiifu wawili, na baraza nzima ikilisema basi hakuna aliyefanya kitu, ila kitu kimefanyika. Ndivyo mauaji yanavyopata baba wengi na yasipate hata mmoja.

Wenye kujua sheria wakakaa wakaamua. Wakasema: aliyeuawa na asiyejulikana hajamaliza kufa. Amekufa nusu. Nusu ya pili iko mkononi mwa muuaji, na mpaka muuaji ajulikane, kiti hakiachwi wazi, maana kiti kilicho wazi kinauliza swali, na mfalme hapendi viti vinavyouliza. Kwa hiyo jua likifika utosini, pale kivuli cha mtu kinapojificha chini ya nyayo zake, mwitaji alitoka jumbani akapita vichochoroni akiliita jina. Hakupiga pembe wala ngoma. Aliita tu, kwa upole, kama mtu aitavyo wa kwao. Na yeyote aliyeitika, huyo ndiye Mwana Sitawa. Alichukuliwa, akavikwa, akakalishwa kitini. Halafu siku moja mfalme aliona kiu. Na mwitaji akatoka tena.

Hebu fikiri. Jina ni nini? Tunadhani sisi ndio tunaolivaa, tunapewa siku ya saba na nywele zikinyolewa, tunalichafua, tunalifua, tunazikwa nalo. Lakini huenda ni lenyewe linalotuvaa. Huenda jina ni kitu chenye njaa kinachopita milangoni kikiwa hakina mwili, kikisikiliza ni mlango gani una mtoto mwenye adabu.

Katika mtaa wa wafumaji alikaa mwanamke aitwaye Mwanamvua. Mume alikuwa amekufa, kufa kamili, kwa homa, hakuna aliyemwita tena. Kazi yake Mwanamvua ilikuwa kufumua hariri. Vitambaa vilifika kutoka Uchina na Bara Hindi vikiwa na mapambo wasiyoyataka watu wa mji, naye alivifumua uzi kwa uzi, akazungusha nyuzi kwenye vijiti, zikafumwa upya kwa sura ya kwao. Vidole vyake vilijua kurudisha nyuma kazi ya mikono asiyoijua. Na alikuwa na mtoto mmoja, Mize, wa kike, meno mawili ya mbele yameng'oka, mwanya wazi kama mlango wa kuku.

Asubuhi ya siku ninayoisema, jirani yake Bi Shemsa alichomoza kichwa juu ya ukuta wa ua.

"Mwanamvua! Huyo mwanao leo kanipita kama kapita mbuzi."

"Hakukuona, shoga."

"Hakuniona! Na ubonge huu wote? Mimi nikisimama kichochoroni jua linaomba njia." Akacheka mwenyewe, halafu akaacha kucheka. "Nimemwita mara mbili. Kimya. Mjukuu wangu Kidawa, ukimwita kwa jina la paka ataitika. Hiyo ndiyo adabu. Mtoto wa kike asiyeitika, kesho nani atamuoa? Ukuta?"

Aibu ikampanda Mwanamvua mpaka masikioni. Ninyi wazazi mnaijua aibu hiyo. Mtoto wako akiumwa unalia, lakini mtoto wako akisemwa na jirani, unawaka. Alimvuta Mize ndani, akamfinya ngozi laini ya juu ya kiwiko, akaizungusha.

"Ukiitwa unasemaje?"

"Labeka."

"Ukiitwa na usiyemjua?"

"Labeka."

"Ukiwa unakula?"

"Nameza kwanza, halafu labeka."

"Usingoje kumeza!" Akafinya tena. "Na akikosea jina?"

Hilo Mize hakuwa amefundishwa.

"Mkubwa hakosei," alisema Mwanamvua. "Na akikosea unaitika vilevile, ndipo umwambie polepole jina lako. Umesikia?"

"Labeka, mama."

Alikuwa analia, lakini aliitika. Mwanamvua akaona amelea.

Utasema: je, hakulijua jina lile linalopita mchana? Alilijua. Kila mama wa mji alilijua. Adhuhuri ikikaribia mama wote waliacha kazi wakaweka viganja vinywani mwa watoto wao, desturi tu, kama mtu anavyofunika chakula. Lakini ilikuwa kitambo mwitaji hajapita. Watu walisema kiti kina mtu, tena mtu mwenyewe amedumu, safari hii pengine imekwisha. Na moyo wa binadamu ndivyo ulivyo, hofu isipotembelewa inageuka hadithi ya kuwanyamazishia watoto. Mchana ule Mwanamvua alikuwa na kitambaa cha kijani kilichomsumbua, nyuzi zimeingiana, amezipitisha katikati ya vidole vyote kumi, asiweze hata kujikuna. Mize alikuwa nje barazani kwao anacheza kwa mbegu za komwe.

Jua likasimama.

"Mwana Sitawa eee," sauti ikaja, ya kike, tamu, kama ya shangazi aliyeleta kitu kwenye kapu. "Mwana Sitawa, mwanangu, unaitwa nyumbani."

Mtaa mzima ukaziba pumzi. Mwanamvua aliinua mikono, mikono imefungwa na hariri. Akafungua kinywa apige kelele, na kabla kelele haijatoka akaisikia sauti nyembamba nje, safi, ya haraka, ya mtoto ambaye kiwiko bado kinamwasha.

"Labeka!"

Akajiambia: si yeye. Sauti za watoto zinafanana. Ni Kidawa. Mungu nisamehe, iwe Kidawa. Au ni mtoto wa nyumba ya tatu. Mize hayuko nje, Mize yuko jikoni, Mize amelala, Mize hajazaliwa bado, bado mimi ni mwari, bado sina mtoto, sina, sina wa kuitwa.

Alipotoka huku nyuzi zikiburutika nyuma yake, palikuwa na komwe sakafuni. Moja aliiokota. Ilikuwa na joto la kiganja. Kichochoro kilikuwa kitupu pande zote mbili, na juu ya kuta vichwa vya majirani vilizama kimoja kimoja, cha Bi Shemsa cha mwisho.

Hakulia. Alikunja hariri ya kijani iliyovurugika akaitia kwenye bunda pamoja na ile iliyokuwa tayari, akaiweka kichwani, akaenda jumbani. Walinzi wakamwona mwanamke na hariri, wakampisha. Mwenye kubeba kitu cha mfalme haulizwi jina. Ndani palikuwa na ua, na mbele ya ua mlango, na nyuma ya mlango ua mwingine, na katika kila ua ilikuwa adhuhuri ile ile. Alitembea mpaka miguu ikamuuma, na kila alipotazama chini kivuli chake hakikuwapo, kilikuwa bado kimejificha chini ya nyayo. Akafikiri: hapa hakuna jioni. Hapa ndipo siku zote za mji zinapokuja kusimama. Ukutani zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, zilipangwa safu kwa safu, na badala ya sahani za Kichina, kila kidaka kilikuwa na jozi ya viatu vya miti vya kike. Vidogo. Vyote vya mguu wa mtoto.

Mwishoni alimkuta mwanamke mzee anachuja hina. Huyo ndiye Bi Sabaha, aliyewavisha wote waliokaa kile kiti.

"Umeleta hariri," alisema bila kuinua uso, "au umeleta macho?"

"Nimemfuata mwanangu, bibi. Nashika miguu yako."

"Huku hakuna mwana wa mtu. Kuna Mwana Sitawa tu, na Mwana Sitawa hana mama, ni mtu mzima." Akakamua kitambaa. Kisha sauti ikashuka. "Hata mimi nilikuwa na binti. Aliitika. Nikamfuata kama ulivyofuata wewe, wakanipa kazi ya kuwavisha. Nimevisha wengi, mama, mpaka nimesahau wangu alikuwa yupi. Nikilia namlilia nani?"

Mwanamvua akaushika mkono wake ule mwekundu. "Nieleze watamfanya nini."

"Leo barazani wataliita jina mbele ya mfalme. Akiitika, amekuwa yeye. Waziri atamuuliza, ni nani aliyekuua? Na kabla hajafungua kinywa, mfalme ataona kiu."

"Na asipoitika?"

Bi Sabaha alimwangalia kama aliyetukaniwa mzee wake. "Asipoitika? Mtoto aliyelelewa? Halijapata kutokea."

Akampeleka. Mize alikuwa amekaa kwenye kiti cheusi, miguu haifiki chini. Wanja machoni, hina mpaka vifundoni, ukaya umemfunika kichwa ukashuka mabegani mpaka mapajani. Kando yake alisimama Mwinyi Chande, waziri, mtu mwembamba aliyenukia karafuu, kazi yake kusikiliza kila neno linalosemwa karibu na kile kiti.

"Karibu, Mwanamvua," alisema Mize, na sauti haikuwa ya Mize. Ilikuwa nzito, ya mwanamke aliyezoea kupishwa. "Umechelewa. Ukaya huu uliniletea siku ile ile, ukiwa bado unanuka rangi. Nilikusifu kazi yako. Hukumbuki?"

Mwanamvua alitaka kusema sikumbuki. Lakini vidole vyake, wajua, vilianza kukumbuka. Vilihisi kwamba vinaujua mzunguko wa uzi ule. Akawaza: labda ni mimi niliyeufuma. Labda mama yangu, naye aliitwa Mwanamvua. Labda sote tumekaa nyumbani tunasokota taratibu kitu kitakachowanyonga watoto wetu, na tunasifiwa kazi.

"Mize," alinong'ona.

Macho yenye wanja yalimpita kama upepo. Halafu, kwa ghafla, sauti ndogo: "Mama, meno yananiuma." Akafungua kinywa. Mwanya ulikuwa umeziba. Meno mawili ya mtu mzima, ya manjano kwa tambuu, yalikuwa yameota pale.

"Anakumbuka upesi huyu," Mwinyi Chande akasema kwa furaha ya mfugaji. "Wengine huchukua muda. Amelelewa vizuri. Ni wewe uliyemlea, mama?"

Amwambieje? Neno lilikuwa moja tu, usiitike, na waziri alikuwa amesimama hapo masikio wazi. Alimtazama mwanawe akaona kwamba kila alichompa kilikuwa kamba. Salamu, kamba. Kupiga magoti, kamba. Labeka, hilo ndilo fundo. Alimfunga vizuri kwa mapenzi akamkabidhi barabarani. Na mtoto hafunguliwi kwa maneno, kwa sababu hakufungwa kwa maneno. Mtoto hafuati unachosema. Anafuata unachofanya wewe mwenyewe, unapoitwa.

Baraza ikajaa. Mfalme akaingia, mtu wa makamo mwenye uso wa kusahaulika. Ukigeuka kidogo humkumbuki tena. Waliokaa walikuwa wengi, wazee wa mji, wenye majahazi, wenye misikiti, na Mwanamvua aliwekwa mwisho kabisa, karibu na mlango, na bunda lake.

Mwinyi Chande alipenda mambo yaende kwa utaratibu. "Kabla hatujaanza," akasema, "kuna mtu wa nje humu. Ataje kazi yake. Mwanamvua!"

Neno likampanda kooni lenyewe, kama kwikwi. Miaka yake yote lilikuwa halijawahi kukosa. Aliitikia baba, aliitikia mume, aliitikia wakwe na majirani na wenye deni na wasio na deni. Akauma ulimi.

"Mwanamvua mfumua hariri!"

Akanyamaza. Vichwa vikageuka.

"Ni kiziwi?" waziri akauliza. "Au mama yake alimlea zizini na mbuzi?"

Baraza ikacheka. Mzee mmoja akasema, "Hata mbuzi husema mee," wakacheka zaidi. Mlinzi akamtandika fimbo ya miguu akapiga magoti, lakini kinywa hakufungua. Fimbo ya pili ikampasua begani. Damu ikaingia katika hariri ya kijani. Hakuwa akimtazama mlinzi wala waziri. Alikuwa akitazama kiti, na kitini, katikati ya wanja, macho mawili ya mtoto wake yalikuwa yamemwangukia yakabaki hapo, yamepanuka kwa mshangao mkubwa kuliko hofu. Mama anaitwa. Mama haitiki. Mama anaitwa na mkubwa, na haitiki.

"Mwacheni, mjinga huyo," Mwinyi Chande akasema. "Tuendelee." Akageukia kiti, akainama, na sauti yake ikawa ile ya kichochoroni, ile ya shangazi mwenye kapu. "Mwana Sitawa."

Midomo ya Mize ikafunguka. Mwanamvua aliuona ulimi ukinyanyuka kuitafuta herufi ya kwanza.

Ukashuka.

"Mwana Sitawa," waziri akarudia, na karafuu haikutosha tena kuficha harufu ya jasho lake.

Kimya. Kimya cha aina ambayo mji ule haukuwa nayo. Kimya ambacho hakikuwa utii. Kikakaa katikati ya baraza kama mgeni asiyealikwa. Watu wakaanza kukohoa. Watu wakaanza kutazama mikono ya wenzao, kisha yao wenyewe.

Na mfalme, ambaye hakuwa amesema kitu, akasema, "Naona kiu."

Bakuli likaletwa. Viganja vikapanda, vyote, kama kundi la ndege. Na Mwanamvua, aliyekwisha kuvunja adabu moja akakuta bado anapumua, akavunja ya pili. Hakufunika macho.

Nisikilize hapa vizuri, maana hiki ndicho alichokiona, na ni hiki kilichofanya nywele zake ziwe nyeupe kabla hajafika nyumbani. Hakumwona muuaji. Aliona vidole. Baraza nzima, watu wote wale wenye heshima, walikuwa wameweka viganja usoni, na vidole vyao vilikuwa wazi. Kati ya kidole na kidole, jicho. Wazee, jicho. Walinzi, jicho. Mwinyi Chande, macho mawili kati ya vidole vitatu. Kila mtu alikuwa akichungulia, na alikuwa akichungulia sikuzote, tangu mara ya kwanza. Hakuna ambaye hakuona. Mfalme mwenyewe aliinamisha bakuli mdomoni na koo lake halikusogea, kwa kuwa bakuli lilikuwa kavu, na juu ya ukingo wake naye alikuwa anatazama.

Na wote wakamwona kwamba amewaona.

Mwanamvua alisimama. Akatembea, katikati ya baraza, mbele ya macho yote yale, akifikiri kila hatua ndiyo ya mwisho, atakamatwa, mkono utatoka, sauti itatoka. Hakuna mkono uliotoka. Akaelewa akiwa nusu ya njia, na ule uelewa ulimtisha kuliko fimbo: hawawezi. Atakayesema "mshikeni" amekiri kwamba aliona. Na akikiri ameona leo, ataulizwa aliona nini siku zile. Desturi iliyomficha muuaji ilikuwa sasa inamficha yeye. Alitembea chini ya kivuli kile kile alichotembelea muuaji, kwenda kwenye kiti kile kile, na kwa dakika hiyo hapakuwa na tofauti kati yao ila kile ambacho mikono yake ilienda kukifanya.

Iliuvua ukaya. Ikamnyanyua mtoto. Mtoto alikuwa mzito, mzito kama mtu mzima, kisha kadiri walivyokaribia mlango akawa mwepesi, akawa mwepesi, mpaka nje kwenye ua wa kwanza akawa uzito wa Mize. Nyuma yao bakuli lilikuwa halijagusa sinia. Pengine mpaka sasa halijagusa. Pengine mfalme bado analiinamisha, bado wamefunika, kwa sababu hakuna anayejua afumbue vipi.

Nje kulikuwa na kivuli. Kimerefuka. Jioni.

Sasa ungependa niishie hapo. Na mimi ningependa. Lakini mtoto aliyerudi hakuwa yule aliyetoka. Yale meno mawili hayakung'oka. Na hakuitika tena. Mwanamvua alimwita chakula, akanyamaza. Alimwita kuoga, akanyamaza. Alimwita kwa jina la utani ambalo marehemu baba yake alimpa, akiwa amemkalia karibu, mkono mgongoni, akamwita kama mtu anayeomba maji, na Mize akamtazama tu, kwa upole, kwa uangalifu, kama mtu atazamavyo mlango uliogongwa.

"Umemrudisha," Bi Shemsa alisema juu ya ukuta, "lakini umerudisha bubu."

"Si bubu. Haitiki."

"Tofauti yake nini?"

"Tofauti yake, yuko hapa." Mwanamvua akasogea ukutani. "Shoga, nakuomba. Mfundishe Kidawa asiitike. Nimeona mwenyewe. Nimeona yote."

"Nimfundishe utovu wa adabu? Watu watanisemaje? Na usiniambie uliyoyaona." Bi Shemsa akaweka kiganja machoni, nusu mzaha. Mwanamvua akaona vidole vyake vimeachana, na jicho katikati, na akarudi nyuma mpaka akakanyaga vijiti vyake vya nyuzi.

Usiku ule, na usiku mwingi uliofuata, alilala akimsikiliza mwanawe anavyohema. Alijiuliza kama amemtoa kitini au amekileta kiti nyumbani. Maana mtu asiyeitika hawezi kuchukuliwa, ni kweli. Lakini mama naye anaita, si wakubwa tu, na kuna kuitwa kunakotoka kwenye maziwa ya mama. Alimfundisha kufunga mlango mmoja, na nyumba ilikuwa na mlango huo mmoja tu.

Kisha ikaja adhuhuri nyingine. Walikuwa uani. Mwanamvua alikuwa anamsuka Mize, kichwa cha mtoto kati ya magoti yake, na jua likasimama.

"Mwana Sitawa eee."

Mikono yake ikaganda kwenye nywele. Sauti safari hii haikuwa ya shangazi. Ilikuwa ya kwake. Ilikuwa sauti yake yeye, Mwanamvua, na ule ufa wake mwishoni, ile anayomwitia mwanawe chakula. Ilikuwa inatoka nje ya mlango huku kinywa chake kimefungwa. "Mwana Sitawa, mwanangu. Njoo kwa mama."

Akakipeleka kiganja kinywani mwa Mize. Midomo ilikuwa mikavu, imefungwa, haikuhitaji kufungwa. Na hapo, ng'ambo ya ukuta, akamsikia Kidawa akiacha mchi. Akamsikia anavuta pumzi, pumzi ya mtoto mwenye adabu, ya haraka, ili asiambiwe amechelewa.

"La—"

"Nani?"

Lilikuwa chini ya kiganja chake. Lilimtoka Mize likamchoma Mwanamvua katikati ya vidole, neno la kwanza tangu jumbani, kwa sauti ya mtoto, yenye mluzi mdogo, ijapokuwa mwanya haukuwapo. Mize akauondoa mkono wa mama yake kwa utulivu. Akasimama, nusu ya kichwa imesukwa nusu haijasukwa, akausogelea mlango.

"Nani anaita?"

Ng'ambo ya ukuta Kidawa alikuwa hajamaliza neno lake. Hakulimaliza. Kichochoroni nyayo zilisimama, na mtaa mzima ukasikia zimesimama, maana katika miaka yote ile iliyomwagwa kwenye sinia, jina lile lilikuwa limeitikiwa au limekimbiwa, lakini halikuwa limeulizwa.

Mwanamvua akainama atazame. Chini ya mlango, pale kwenye upenyo wa mwanga, palikuwa na nyayo mbili, na hazikuwa na kivuli. Akasikia kitu kikilala juu ya mbao kwa upande wa pili, polepole, kama kiganja kinachojaribu upana wa mlango.

"Nakuuliza," alisema Mize. "Wewe ni nani?"

Wakangoja. Mama akiwa ameshika nywele zilizokatika mkononi, mtoto akiwa ameshika komeo lisifunguke.

Nje hapakuitika mtu.